Dawa ya Kibofu Niliyoiahidi Kanisani

Ghati mwanangu,

Salamu za barua nitazipunguza, maana tuliagana jana asubuhi ukiwa unafunga viatu vya kwenda Rusinga kumuaga nyanya yako, na kwaheri yako ilikuwa fupi kuliko kamba za viatu hivyo. Sikulaumu. Tangu Jumatano, siku aliyotujia Mzee Odera, tumekuwa tukisemeshana kama wapangaji wa ploti moja: maji yamechemka, kuku wamefungiwa, chumvi iko wapi. Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimesukuma kando vitambaa vya sare za shule, na nakuandikia juu ya meza ya cherehani kabla hujarudi. Kesho unakwenda Afrika Kusini. Sitaki usafiri na ule ukimya.

Mambo ya sweta, ya chakula, ya kulala mapema, sitayagusa. Akili unazo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ilichojengwa nacho nyumba hii. Baba yako alipokuja Mbita mara ya kwanza kununua omena, dagaa wa ziwani, wa kupeleka Migori, hakujua Dholuo hata neno la kuombea maji. Mimi Kikuria kilikuwa kinanipiga chenga, na mpaka leo kinanipiga. Tukabembelezana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukaja kuishi hapa Kosele, ambapo si kwao wala si kwetu, tukakulea wewe kwa Kiswahili. Majirani walidhani tunajidai. Hawakujua kwamba kila mmoja wetu alikuwa amesogea nusu ya njia ili kumfikia mwenzake, na hapo katikati ndipo tulipotandika mkeka.

Baba yako, Mwita, alipofariki, Kiswahili cha nyumba hii kilibaki na watu wawili. Kesho kitabaki na mtu mmoja. Sokoni ni Dholuo, kanisani ni Dholuo, nyanya yako kwenye simu ni Dholuo. Nitasema "lala salama" gizani kwa mazoea, na hakuna atakayeitikia. Hilo ndilo ninaloliogopa. Wizi siuogopi, wala ugonjwa.

Kuna mambo ya baba yako ambayo sikuwahi kukusimulia, na mengine ambayo nilidhani huyajui. Nayaweka hapa.

Alianza kwa kuniambia, siku moja tukichambua maharagwe, "Mama Ghati, siku hizi nakojoa chai ya rangi." Alisema kwa utani, nami nikacheka. Nikamwambia anywe maji mengi, jua la sokoni ni kali. Hakuwa anaumwa popote. Alikula, alibeba magunia, aliimba. Baada ya siku chache mkojo ukawa mweupe, tukasahau. Ikarudi. Kwenye zahanati wakamuuliza kazi yake, akasema yeye hushusha omena kutoka kwenye mitumbwi, anasimama majini mpaka kiunoni. Basi wakampa vidonge vya kichocho. Damu ikakoma, tukashukuru Mungu. Ikarudi tena, tukapewa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Ikakoma. Ile damu ilikuwa na adabu ya mgeni anayejua kuaga. Haikukaa kamwe muda wa kutosha kututia hofu.

Nimejifunza, Ghati, kwamba ugonjwa usiouma hupewa muda mrefu kuliko unaouma. Laiti angalilia usiku mmoja tu, ningembeba mgongoni mpaka Homa Bay.

Mwishowe tukatumwa Homa Bay, na siku walipomwingiza kamera ndogo, daktari alituonyesha kwenye kioo. Ndani ya kibofu kulikuwa na kitu kama uyoga, au kama ile mimea inayoota kwenye mawe ya ziwani na kuyumbayumba maji yakipita. Daktari akasema tuna bahati. Uvimbe ulikuwa bado uko juu juu, kwenye utando wa ndani, haujatia mizizi katika nyama ya kibofu. Wataukwangua, kisha kila wiki watamtilia dawa humo humo, kwa mpira mwembamba unaopitishwa njia ya mkojo, iingie kwenye kibofu tu na kukaa huko, isizunguke mwili mzima na kumpukutisha nywele. Mimi nilifurahi sana kusikia hivyo. Ugonjwa uko mahali pamoja, na dawa inakwenda mahali hapo hapo. Niliona kama mambo yamekwisha.

Wewe ulikuwa Nairobi unasomea ufamasia. Nikasema tukupigie simu. Baba yako akaniangalia kama mtu niliyemvua nguo njiani.

"Nimwambie nini binti yangu? Kwamba wananiingiza mpira wapi?"

"Anasomea dawa, Mwita."

"Asomee. Lakini za watu wengine."

Kwao mzee haongei habari za mkojo mbele ya binti yake, na hata kwetu ni aibu. Nikakubali kunyamaza. Ukipiga simu nilikuambia baba yuko shambani, baba amelala, baba ameenda Migori. Nilidhani ninalinda heshima yake. Sasa nikikumbuka sauti yako ikiniuliza, "Baba hajambo kweli?", naona kwamba nilimnyima mtu wa pekee aliyeweza kumfafanulia kilichokuwa kinatendeka mwilini mwake kwa lugha ya nyumbani.

Dawa yenyewe ilikuwa ya rangi ya zambarau. Wakishaitia, mgonjwa anatakiwa kuizuia kwa muda wa saa mbili, alale ubavu huu, ageukie ule, alale kifudifudi, alale chali, ili dawa ifike kila kona. Mara za mwanzo aliweza. Alitoka akiwa amechoka lakini anajisifu. "Nimegeuzwa kama chapati," alisema, tukacheka njia nzima. Nilimpenda sana siku zile. Nakuambia hili kwa kuwa watu hufikiri miezi ya ugonjwa ni giza tupu. Hapana. Zilikuwepo asubuhi ambazo nilifurahi kuwa mke wake kuliko siku ya harusi.

Kisha kibofu kikaanza kukasirika. Dawa ile huunguza, na kibofu kilichokwanguliwa hakina subira. Wiki moja vitanda vilikuwa vimejaa, nesi akamwambia akae kwenye benchi la korido, ajitahidi. Nesi hakuwa mbaya, alikuwa peke yake na wagonjwa wengi. Tukakaa. Baba yako alinishika mkono, akaukaza, akaukaza zaidi, jasho likamtoka usoni. Nikamwambia, "Jikaze kidogo tu." Hayo ndiyo maneno niliyompa. Halafu mkono wake ukalegea.

Ilimwagika kwenye suruali, kwenye benchi, kwenye sakafu, zambarau. Nesi akaja mbio na glavu akisema, "Msiguse, ni dawa kali hiyo, sogeeni." Korido nzima ikasogea. Miongoni mwa waliosogea alikuwamo mtu wa Migori aliyekuwa akinunua omena kwa baba yako. Waliangaliana. Yule mtu aliinamisha kichwa kwa heshima, na nadhani heshima ile ndiyo iliyommaliza Mwita kabisa. Angecheka, baba yako angemtukana, wakayamaliza.

Wiki iliyofuata alisema hajisikii kwenda. Iliyofuata akasema ana mzigo Mbita. Mimi nilisema sawa. Nilisema sawa haraka sana, Ghati, kwa sababu na mimi sikutaka kukaa tena kwenye benchi lile.

Uvimbe uliporudi ulikuwa umeshuka ndani. Wakasema kibofu kitolewe, atavaa mfuko. Alikataa, nawe wakati huo ulikuwa umeshaitwa nyumbani, ukamsihi ukipiga magoti. Yaliyofuata tuliyaona pamoja, sina haja ya kuyaandika.

Lakini sina budi kukuambia la matanga, kwa kuwa ulikuwa ndani na wanawake, hukulisikia. Tulipokwisha kumzika kwao Kuria, baba yako mdogo Marwa alinijia mbele ya watu akasema, "Ziwa lenu limemuua ndugu yangu. Alikaa kwenye maji yenu yenye minyoo kwa ajili yako." Nami, nikiwa bado nina udongo mikononi, nikamjibu, "Tumbaku yenu ndiyo iliyomuua. Tangu mtoto mnamfungisha majani, mnamlaza karibu na moshi wa bani ya kuyakaushia, akakua na sigara mdomoni." Tuliachana hivyo. Nilirudi Kosele nikiwa na hasira safi, na hasira safi ni kitu kitamu, inakuondolea usingizi lakini inakupa nguvu ya kufua na kupika.

Baadaye nilimuuliza daktari, ni ziwa au ni tumbaku? Akasema tumbaku huharibu vibofu vingi kuliko kitu kingine, na ipo aina ya kichocho inayoviharibu pia, lakini katika mwili wa mtu mmoja hakuna anayeweza kunyoosha kidole. Nilitoka pale nimepungukiwa. Mwaka huu nilimpigia Marwa simu. Hatukuombana msamaha kwa maneno. Alinielezea mahindi yake, nami nikamwelezea bei ya vitambaa. Kabla ya kukata akasema, "Shemeji, mtoto akienda huko ng'ambo, mwambie kwao ni huku pia." Nimekuambia.

Sasa nije kwenye kosa langu la karibuni, ambalo limetufanya tusiongee.

Unakumbuka ile jioni ulipokuja na habari kwamba umepata nafasi ya kufanya utafiti? Nilikuwa nakaanga mayai. Nikakuuliza utakuwa unafanya nini hasa, nawe ukajaribu kunieleza. Ukasema kibofu kina ukuta wenye ute, umeumbwa usishikwe na kitu, ndiyo maana mkojo hautuunguzi. Na ndiyo maana dawa ikitiwa humo inaelea tu, inachanganyika na mkojo mpya unaoshuka kutoka kwenye figo, inakuwa hafifu, na mgonjwa akienda haja yote inatoka. Ukasema huko uendako wanatengeneza chembe ndogo mno, za nano, ndogo kiasi kwamba hata darubini ya shuleni kwenu haikuweza kuziona. Zinabeba dawa, zinagandamana na ule ukuta au zinapenya ute wake, na hata mtu akikojoa zinabaki, zikiiachia dawa polepole.

"Zinaingia zikiwa unga?" nikauliza.

"Zinaingia kwenye kitu cha maji maji. Kikiwa baridi kinamiminika, kikipata joto la mwili kinaganda kama ute wa uji."

Nikaangalia kwenye kikaango. "Kama yai."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mama, kama yai kabisa. Ila hili lazima baadaye liyeyuke lenyewe, lisije likaziba njia."

Sikuwahi kukuona na uso ule tangu tumzike baba yako. Nikaenda kulala na uso huo. Jumapili yake nikasimama kanisani wakati wa shukrani, na badala ya kusema binti yangu amepata nafasi ya kusoma, nikasema binti yangu anakwenda kuleta dawa ya saratani ya kibofu. Kanisa likapiga makofi. Wakinamama wakanikumbatia. Nikarudia Jumapili nyingine, na sokoni, na kwa kila aliyekuja kupima sare. Kila nilipoirudia ilikuwa karibu zaidi. Mwanzo ilikuwa "anakwenda kutafuta". Mwisho ikawa "anakwenda kuchukua", kana kwamba iko kwenye rafu, inakungoja wewe na kikapu.

Ndipo Jumatano akaja Mzee Odera kutoka Kisegi, na picha zake za hospitali ndani ya mfuko wa unga, na kuku mweupe amefungwa miguu. Hatukuwa tunamjua. Alikuwa amekonda kwenye shingo kama Mwita. Alijaribu kuniambia kwa Dholuo, kisha akakuona wewe, akahamia Kiswahili chake ili nawe usikie.

"Mimi ni Odera. Nimesikia mtoto ya hapa ndio anaenda kuleta dawa ya kibofu. Nimekuja kuandikisha jina mapema, kabla watu hawajajaa."

Uliniangalia. Nikaangalia kuku.

"Nani alikwambia, mzee?" ukamuuliza.

"Kanisa yote inajua. Hata huko kwetu. Sasa, hiyo dawa iko wapi?"

"Iko maabara. Wameijaribu kwa panya tu."

"Panya ilipona?"

"Wengine uvimbe ulipungua. Wengine walikufa."

Alifikiri. "Mimi si mkubwa kuliko panya? Nipatie. Hata kidogo."

Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Ulimwambia taratibu kwamba hujui kama itamfaa binadamu, wala hakuna anayejua bado, kwamba itachukua miaka mingi na inaweza kushindwa kabisa. Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa foleni ni ndefu.

"Haidhuru. Nitangoja."

"Utangoja nini, mzee?"

"Hiyo yako. Walinikwangua, wakasema nianze kutiliwa ya mpira kila Ijumaa. Nikakataa. Nilisema, ya nini aibu, na mtoto wetu analeta ingine?"

Nilikwenda jikoni kuchukua chai, kwa kweli nilikwenda kujificha. Niliporudi na kikombe ulikuwa umevuta kigoda, umekaa karibu naye, magoti yenu yanakaribia kugusana, na ulikuwa ukimsimulia habari za baba yako. Za korido. Za benchi. Za rangi ya zambarau sakafuni. Nikasimama mlangoni. Mimi sikuwahi kukuambia. Hakuna aliyekuambia, nilidhani.

"Alinisimulia mwenyewe," ulimwambia, "siku moja mama akiwa sokoni. Akasema, 'Ghati, dawa ilikuwa nzuri, ni mimi nilishindwa kuishika.' Akafa akiamini hivyo. Mzee, mimi ninasoma kwa sababu ya maneno yale. Si yeye aliyeshindwa. Dawa ndiyo iliyoshindwa kumshika yeye."

Chai ilinimwagikia mkononi na sikuisikia.

Mwita alikuambia. Mtu yule ambaye hakutaka hata neno mkojo lipite kati yenu, alikusubiri mpaka mimi nitoke, akakupa jambo lililomuumiza kuliko yote. Na wewe ukalibeba miaka hii, umeketi mezani pangu, ukiniacha mimi niamini kwamba ninamtunzia siri. Sijui kama nilikuonea wivu au nilikushukuru. Nadhani nilitamani tu ningekuwa nyuma ya pazia, niisikie tena sauti yake ikisema jambo zito.

Mzee Odera aliupakata mfuko wake wa picha. Kisha akauliza, "Na mimi nikimwaga?"

"Utamwaga. Wiki ijayo utarudi."

"Mbele ya watu?"

"Asubuhi hiyo usinywe chai. Nenda haja kwanza. Omba kitanda, usikubali benchi, uwe unageuka. Ukiona inakuja, mwite nesi kwa sauti, usione haya. Lakini nenda, mzee. Usiningoje mimi. Ukiningoja mimi utakufa."

Hakuna mtoto anayemwambia mzee hivyo huku kwetu. Nilidhani atainuka aondoke. Alikunywa chai yote, akashukuru, akaacha kuku ingawa ulimrudishia mara mbili.

Alipokwisha kutoka ukanigeukia. "Mama, umewaambia nini watu?"

"Nimewaambia ninachoamini."

"Unakiamini, au unakitaka?"

Nikaenda kufungua kuku miguu. Ukaniambia mgongoni kwamba mtu anaweza kuacha matibabu yaliyopo kwa sababu ya maneno ya mama mmoja kanisani. Nilikusikia. Nilifanya kama nahangaika na kamba.

Ijumaa, ulipokwenda Migori kumalizia mambo yako ya safari, nilikuambia nina wateja. Sikuwa na wateja. Nilikuwa nimempigia Mzee Odera nikamwambia tukutane hospitalini Homa Bay. Sikuwa nimekanyaga pale tangu baba yako. Miguu yangu iliijua njia ya korido yenyewe, nami niliifuata tu. Tulifika mapema, nikamwomba nesi kitanda kabla mwingine hajakiomba, na tukakipata. Mimi nikakaa nje.

Ghati, nilimsikia kila alipogeuka, kwa sababu kitanda kilipiga kelele. Nikaanza kumwombea kama ninayemwombea ndugu. Muda ulikuwa umekwenda sana, nadhani ulikuwa unakaribia kuisha, ndipo nikasikia sauti ambayo lazima ilifika hadi getini.

"Sista! Sista! Inakuja! Leta beseni!"

Nesi akapita mbio mbele yangu. Wodi nzima ikacheka, na kicheko kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Odera mwenyewe. Nami nikacheka. Kisha nikajifunika uso kwa leso, kwa kuwa nilimwona Mwita, amekaza mkono wangu, amekaza meno, hasemi kitu. Angeita tu. Ningemwambia aite badala ya kumwambia ajikaze. Nimemtamani mume wangu kwa namna nyingi tangu aondoke, ila siku hiyo nilimtamani akipiga kelele.

Mzee alitoka amechangamka. "Min Ghati," akaniita Mama Ghati kwa Dholuo, "imeponyoka mwishoni."

"Wiki ijayo utarudi," nikamwambia.

"Hata wewe umekuwa daktari?" Lakini atarudi. Nitakuwa naye kila Ijumaa mpaka wamalize, na kama uvimbe ukirudi, nitakuwa naye hapo pia. Hatuna ahadi kwamba hautarudi. Nimemwambia hivyo, naye amesema anajua.

Na leo asubuhi nimesimama tena wakati wa shukrani. Nikasema, "Niliwadanganya. Ghati haendi kuchukua dawa. Anakwenda kufanya kazi juu ya kitu ambacho bado kiko kwa panya, pengine kitafaa wajukuu zetu, pengine hakitafaa mtu. Mwenye damu kwenye mkojo, hata kama haumwi, aende hospitali wiki hii. Mwenye aibu aje kwangu, nitamsindikiza." Hakukuwa na makofi. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kutoka nyuma, "Sasa tumwombee Ghati nini?" Nikasema, "Mwombeeni apate watu wa kucheka naye." Wakaomba hivyo. Baada ya ibada, wanawake wawili walinijia pembeni, mmoja baada ya mwingine, wakaniambia jambo ambalo hawajawaambia waume zao. Kesho kutwa nina safari ya Homa Bay na mmoja wao.

Uliniuliza kama ninaamini au ninataka. Nimelifikiria swali lako siku zote hizi nikiendesha cherehani, na jibu ninalo, ingawa si zuri. Nilitaka. Na nilichotaka si dawa. Nilitaka usiende. Kwa kuwa sikuthubutu kusema hivyo kwa mtoto mwenye uso ule uliokuwa nao jikoni, nikatafuta sababu kubwa kiasi cha kunifanya nikubali kukupoteza. Kama unakwenda kuleta dawa ya kibofu, basi ninaweza kukutoa, kama watu wanavyotoa kitu kikubwa madhabahuni wakijua watapewa kikubwa zaidi. Kukutoa bure, uende tu kwa kuwa unapenda kazi hiyo na una akili ya kuifanya, sikuweza.

Sasa nakutoa bure.

Chembe zenu zikishindwa kushika ukuta, ukae, ule, ulale, ujaribu nyingine. Zikishindwa zote, urudi na sanduku lako, sitakuuliza kitu. Ukipenda mtu wa huko mwenye lugha ambayo hatuijui, tafuteni katikati yenu mahali pa kutandika mkeka. Ukichoka kumbeba baba yako, mweke chini. Yeye alikusimulia habari ile ili apumzike, hakukusimulia ili wewe usipumzike.

Kesho pale steji sitakuwa na maneno mengi, nayaandika hapa yasije yakanikwama mbele ya makondakta. Ukiniona nimegeuka kabla gari halijaondoka, usidhani nimechoka kukutazama. Nitakuwa nimegeuka ili uweze kuondoka.

Mama yako,
Min Ghati